Mwanafalsafa Aliyeketi na Wavuvi

Mazungumzo yangu ya jioni hii yanamhusu Aristotle wa Uyunani, aliyezaliwa mwaka 384 K.K. na kufariki mwaka 322 K.K., mtu ambaye vitabu vyake vya mantiki, maadili, siasa, ushairi na elimu ya viumbe vilitawala akili za wanazuoni wa Mashariki na Magharibi kwa muda mrefu kuliko enzi ya mfalme yeyote. Wengi waliolisikia jina lake shuleni humfikiria kuwa shekhe wa maneno mazito, aliyezungukwa na wanafunzi katika ua wa Athens, akiigawanya dunia kwa ulimi bila ya kuigusa kwa mkono. Sura hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imeacha nje kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho kiini cha mtu huyu. Maana kabla ya kuwa mwalimu mkuu wa Athens, Aristotle alikaa kando ya hori la bahari katika kisiwa cha Lesbos, akapasua samaki, akapekua nyavu, akawauliza wavuvi maswali ambayo wanazuoni wenye vyeo hawakudhani kuwa yanastahili kuulizwa. Nataka kuonyesha jioni hii kwamba utukufu wake ulizaliwa pale, na kwamba kosa lake kubwa kuliko yote, lililowaumiza watu wengi baada yake, lilizaliwa alipoiacha kanuni aliyoishika pale.

Alizaliwa Stagira, mji mdogo wa Kiyunani ulio upande wa kaskazini, karibu na Makedonia. Baba yake, Nicomachus, alikuwa tabibu na rafiki wa Mfalme Amyntas wa Makedonia, na katika zama zile utabibu ulikuwa ilimu ya nyumbani, ambayo baba alimrithisha mwanawe pamoja na ada ya kutazama mwili kwa makini: rangi ya uso, joto la ngozi, namna mgonjwa anavyohema na anavyolala. Wazazi wake walifariki angali kijana, akalelewa na mlezi, na alipotimiza umri wa miaka 17 akapelekwa Athens, katika chuo cha Plato kilichoitwa Akademia, akakaa humo miaka 20, kwanza akisoma na baadaye akisomesha.

Plato alikuwa mwalimu wa ajabu, na ni vigumu kumsoma na kuinuka bila ya kuguswa. Alifundisha kwamba vitu tuvionavyo kwa macho, ambavyo huzaliwa, hugeuka na kuoza, ni vivuli vya asili zilizo juu yake, zisizogeuka wala kuoza, na kwamba akili ya mwenye hekima yapaswa kupanda kutoka katika vivuli hivi kuziendea asili hizo. Aristotle alimpenda mwalimu wake, lakini kadiri alivyokua ndivyo alivyozidi kushindwa kukubali kuwa ukweli wa farasi unakaa mahali pasipo na farasi. Kwake yeye, asili ya kitu imo ndani ya kitu chenyewe, katika umbo lake, katika kazi ya viungo vyake, na katika ukamilifu ambao kitu hicho huuendea tangu mwanzo wa kuwako kwake. Kwa hiyo atakaye kumjua farasi hana budi aende kwa farasi, na atakaye kumjua pweza hana budi ashuke baharini. Hitilafu hii baina ya mwalimu na mwanafunzi yaweza kusikika kuwa ni mabishano ya wanazuoni yasiyo na faida kwa mtu mwingine, kumbe humo ndimo ilimopata uhalali kazi nzima ya kuchunguza viumbe kimoja kimoja, kwa subira na kwa mikono iliyolowa.

Plato alipofariki mwaka 347 K.K., uongozi wa chuo ulikwenda kwa mpwa wake, Speusippus, na Athens ilikuwa imejaa chuki juu ya Makedonia, ambayo jeshi lake lilikuwa likiiteka miji ya Wayunani mmoja baada ya mwingine. Aristotle akavuka bahari hadi Assos, katika pwani ya Asia Ndogo, ambako mtawala aitwaye Hermias aliwapa wanafalsafa makazi na ulinzi, akamwoa Pythias, jamaa wa karibu wa mtawala yule. Baada ya miaka michache akahamia ng'ambo, katika kisiwa cha Lesbos, nchi ya rafiki yake Theophrastus. Na kutokana na urafiki wa watu hawa wawili dunia ilipata vitabu ambavyo haikuwa navyo kabla, kwani Theophrastus ndiye aliyeandika juu ya mimea, na Aristotle ndiye aliyeandika juu ya wanyama.

Katikati ya Lesbos bahari imeingia nchi kavu kwa mlango mwembamba, kisha ikatanda kuwa hori pana, ambalo siku hizi huitwa Ghuba ya Kalloni na zama zile liliitwa kwa jina la Pyrrha, mji uliokuwa kando yake. Jina la mahali hapa linatokea mara kwa mara katika kitabu chake kikubwa cha habari za wanyama, ambamo ametaja aina zipatazo 500 za viumbe, kuanzia tembo hadi sifongo. Ameandika kwamba samaki wa hori hili hutoka kwenda bahari kuu wakati wa baridi kali na kurejea baridi inapopungua. Ameandika pia kwamba aina moja ya chaza ilitoweka kabisa humo kwa sababu ya ukame na kwa sababu ya chombo cha kukokota ambacho wavuvi walikivuta chini kuwakomba. Ni neno la kuzingatiwa kwamba, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mtu alikwisha kuona kuwa mkono wa binadamu waweza kumaliza kizazi cha kiumbe katika maji, naye akaliandika pasipo makeke, kwa maneno machache, kama shahidi aelezavyo alichokiona.

Msikilizaji wa mwambao aliyepata kushuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa na miamba ikawa wazi, atamtambua mara moja pweza wa Aristotle. Ameeleza jinsi anavyogeuza rangi yake ifanane na jiwe alilolikumbatia, apate kujificha na kuvizia. Jinsi jike anavyotaga mayai na kuyaatamia bila ya kutoka kutafuta chakula, hata akadhoofika. Na ameitaja kauli ya wavuvi kwamba mkono mmoja wa dume una umbo la peke yake na hutumika katika kupandana, kauli ambayo wataalamu wa Ulaya hawakuja kuithibitisha mpaka karne ya 19. Amemweleza ngisi anavyomwaga wino ajifiche, na taa wa aina fulani anayejifukia mchangani na kuwatia ganzi samaki wanaompitia karibu, kisha akawala. Juu ya pomboo amesema kwamba hupumua hewa, huzaa na kunyonyesha, na kwamba akinaswa na wavu chini ya maji hufa haraka kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo akamtenga yeye pamoja na nyangumi kutoka katika jamii ya samaki, ilhali watu wengi wenye elimu waliokuja baada yake waliendelea kwa karne na karne kuwaita samaki.

Kisha yuko papa. Aristotle aliandika kwamba wako papa wanaozaa watoto hai, na kwamba katika aina moja, yenye ngozi laini, mtoto huungana na tumbo la mama yake kwa kitovu, kama ilivyo kwa wanyama wanaonyonyesha. Habari hii ilikuwa ngeni mno, ikatiliwa shaka na wengi, mpaka Mjerumani Johannes Müller alipowapasua papa wa aina ile na kutangaza mwaka 1842 kwamba Myunani yule alisema kweli. Ukweli ulikuwa umeandikwa zamani. Kilichohitajika ni mtu wa kujitaabisha kulifungua tumbo la papa na kutazama.

Wala hakuishia baharini. Aliyachukua mayai ya kuku yaliyoatamiwa, akayafungua kwa kufuata siku zake, na baada ya siku tatu mchana na usiku akaona katika ute tone dogo la damu, ambalo ni moyo, likidunda na kujongea kama kitu chenye roho. Siku zilipozidi akaona kichwa kilichokuwa kikubwa kuliko mwili na macho yaliyotokeza nje, kisha viungo vingine kimoja baada ya kingine mpaka kifaranga kikatimia. Uchunguzi huu haukuhitaji mali wala cheo, na kila nyumba yenye kuku ilikuwa na uwezo wa kuufanya. Kilichokuwa adimu ni nia ya kutaka kujua, na subira ya kutazama leo, kesho na kesho kutwa, na uaminifu wa kuandika kilichoonekana hata kama hakikupendeza nadharia ya mtu.

Sasa nataka tumtazame jinsi alivyochukuliana na wavuvi, maana hapa pana funzo la adabu na la akili kwa pamoja. Hakuwadharau. Maneno yao, pamoja na ya wachungaji, wawindaji na wafuga nyuki, yamo katika kurasa zake, kwa kuwa alifahamu kuwa mtu aliyeishi na kiumbe maisha yake yote, na ambaye riziki yake yategemea kukijua, anazo habari ambazo haziwezi kupatikana chuoni. Lakini pia hakuwafuata kwa upofu. Wavuvi walikuwa na hadithi kwamba samaki jike hupata mimba kwa kumeza mbegu za dume, na hadithi hiyo ilikuwa imesimuliwa hata na Herodotus, mwandishi mashuhuri wa tarikh. Aristotle akaikataa, kwa hoja kwamba kinachoingia kinywani huenda katika tumbo la chakula, wala si katika tumbo la uzazi, na akaongeza kwamba wavuvi hawakuligundua kosa hilo kwa sababu hapana hata mmoja wao aliyetazama kwa ajili ya kujua. Heshima ya namna hii ndiyo heshima kamili: kumsikiliza mtu kwa makini, kuyapima maneno yake kwa insafu, kukubali lililo kweli na kukataa lililo kosa, awe msemaji ni mvuvi asiyejulikana au mwandishi mwenye sifa.

Wako waliomcheka kwa kazi hii. Jambo hilo laonekana katika kitabu chake cha viungo vya wanyama, ambamo ameweka hotuba fupi ya kujibu watu waliochukizwa na uchunguzi wa viumbe duni, wenye kamasi, damu na harufu. Amekiri humo kwamba elimu ya nyota ni tukufu, lakini akasema kuwa nyota ziko mbali na tunayoyajua juu yake ni machache, ilhali mimea na wanyama tunaishi nao, na kila mmoja wao, hata yule asiyependeza macho, ana uzuri wa kumfurahisha mtu awezaye kutambua sababu za umbo lake. Hapo akatoa kisa cha mwanafalsafa wa kabla yake, Heraclitus, ambaye wageni walimwendea wakamkuta akiota moto jikoni, wakasita kuingia. Naye akawakaribisha waingie bila ya hofu, kwani hata mahali pale uungu ulikuwapo. Kwa mtu aliyesoma miaka 20 katika chuo ambacho macho yalifunzwa kutazama juu, kuinama juu ya matumbo ya ngisi na kuyaona kuwa yanastahili taadhima lilikuwa ni tendo la ushujaa wa akili.

Na kanuni yenyewe ameitamka katika maelezo yake ya nyuki. Alijadili kwa urefu namna nyuki wanavyozaliwa, jambo lililokuwa na utata mwingi kwa watu wa zama zake, hata yule mkuu wa mzinga alimwita mfalme, ingawa alitaja kwamba wako waliomwita mama. Baada ya kutoa hoja zake zote akasema kwamba habari za nyuki bado hazijafahamika vya kutosha, na kwamba zitakapofahamika, itapasa kuamini yaliyoonekana kuliko hoja, na hoja ziaminiwe endapo zitaafikiana na yaliyoonekana. Wasikilizaji wangu, natamani maneno ya maana hii yaandikwe juu ya mlango wa kila shule na kila baraza la hukumu. Mtu mwenye akili kuliko wote wa wakati wake, baada ya kujenga hoja kwa mikono yake mwenyewe, alimpa nyuki haki ya kuivunja.

Mwaka 343 K.K. Mfalme Philip wa Makedonia alimwita amfundishe mwanawe, Alexander, aliyekuwa kijana wa miaka 13, na watu wengi hupenda kukaa sana juu ya kisa hiki. Lakini Alexander alikuja kuwa mshindi wa mataifa kwa njia zake mwenyewe, na katika maandishi ya mwalimu wake athari yake ni ndogo. Lenye uzito zaidi ni kwamba mwaka 335 K.K. Aristotle alirudi Athens, akafungua chuo chake mahali paitwapo Lyceum, na humo akaigeuza ile ada ya Lesbos kuwa kazi ya watu wengi. Alipotaka kuandika juu ya siasa, yeye na wanafunzi wake walikusanya kwanza habari za katiba za miji na nchi 158, namna kila moja ilivyotawaliwa, ilivyopinduliwa na ilivyotengenea tena, kabla ya yeye kutamka ni utawala gani ulio bora. Karibu zote zimepotea, ila katiba ya Athens iliyopatikana katika hati za mafunjo kutoka Misri na kuchapishwa mwaka 1891. Katika kitabu cha siasa chenyewe amesema neno ambalo mvuvi wa Pyrrha angelifurahia: kwamba nyumba haihukumiwi na aliyeijenga peke yake, kwa maana anayeikaa anaijua vizuri zaidi, na kwa sababu hiyo wananchi wengi, wakikusanya maoni yao pamoja, waweza kutoa hukumu iliyo bora kuliko ya wachache wenye ujuzi.

Hata maadili aliyachunguza kwa kutazama watu wanavyoishi. Hakuanza kwa kuuliza wema ni kitu gani katika mbingu ya mawazo. Aliuliza watu huwaje wema, akaona kwamba mtu huwa mwashi kwa kuashi, na vivyo hivyo huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, huwa shujaa kwa kutenda ushujaa, mpaka tendo lililokuwa zito likawa tabia na tabia ikawa furaha. Aliona pia kwamba fadhila nyingi hukaa baina ya maovu mawili, ushujaa ukiwa baina ya woga na ujuba, ukarimu baina ya ubahili na ubadhirifu, na kwamba kadiri iliyo sawa haipatikani kwa hesabu, ila kwa busara ya mtu aliyezoea kupima mambo kwa mujibu wa wakati, mahali na watu.

Nimemsifu, na sasa haki yanidai niseme makosa yake. Yako makosa ya mtu aliyetazama akashindwa kuona. Aliwapasua mikunga, asikute ndani yao mayai wala mbegu, akahitimisha kwamba hawazaliwi na wazazi, bali hutoka katika matope. Na tusimlaumu kwa haraka, maana mahali wanakozalia mikunga wa Ulaya hapakujulikana mpaka miaka ya 1920, Johannes Schmidt wa Denmark alipowafuata watoto wao hadi Bahari ya Sargasso. Kosa la namna hii ni ajali ya safari, na kila mtafuta ilimu hupatwa nayo. Lakini yako makosa mengine, ya mtu ambaye hakutazama kwa sababu alidhani amekwisha kujua. Aliandika kuwa wanawake wana meno machache kuliko wanaume, ilhali jambo hilo lingeweza kuhakikishwa nyumbani mwake. Na mtu aliyehesabu viungo vya kamba na kaa hakusita kuandika habari za nusu ya wanadamu kwa dhana.

Na kosa lililo zito kuliko yote ni lile la utumwa. Katika kitabu cha kwanza cha siasa alidai kuwa wako watu walio watumwa kwa maumbile yao, wasio na uwezo wa kujiamulia mambo, na kwamba kwao kutawaliwa na bwana ni haki tena ni faida. Hakuwa mtu asiyejua kwamba pana kauli nyingine, maana yeye mwenyewe ametaja kuwa wako waliosema utumwa ni kinyume cha maumbile na umesimama juu ya nguvu tu. Na linalosikitisha zaidi ni kwamba macho yake yalimwambia kweli. Amekiri kwamba maumbile yalikusudia kuitofautisha miili ya watumwa na ya mahuru, lakini mara nyingi hutokea kinyume chake, mtumwa akawa na mwili wa muungwana na muungwana akakosa roho ya kiungwana. Kama angalikuwa anaandika juu ya nyuki, angalisema kwamba hoja imeshindwa na yaliyoonekana, akaitupa. Kwa kuwa alikuwa anaandika juu ya watu ambao taabu yao ilimpa yeye na wenziwe nafasi ya kufikiri, aliiweka hoja na akayapita yaliyoonekana.

Gharama ya kosa hili haikulipwa na yeye. Mwaka 1550, mjini Valladolid katika Hispania, msomi Juan Ginés de Sepúlveda aliishika hoja hiyo ya Aristotle kutetea vita na utawala wa Wahispania juu ya wenyeji wa Amerika, akapingwa na Askofu Bartolomé de las Casas, ambaye aliishi na wenyeji wale, akawajua kwa sura na kwa tabia, na akajibu kwa ushahidi wa aliyoyaona. Katika karne ya 19 watetezi wa utumwa wa kusini mwa Marekani waliirudia tena. Sisi wa mwambao huu, ambapo soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa wazi mpaka mwaka 1873, hatuhitaji kuelezwa maana ya binadamu kupigiwa mnada mbele ya binadamu wenziwe. Na twajua kwamba kila aliyeuza na kila aliyenunua alikuwa na hoja yake ya kumliwaza, na hoja ya kale yenye jina kubwa huliwaza kuliko nyingine zote.

Lakini mwisho wa maisha yake una jambo ambalo lazima lisemwe. Mwaka 323 K.K. Alexander alifariki mjini Babeli, chuki juu ya Makedonia ikawaka upya katika Athens, na Aristotle akashitakiwa kwa kufuru kwa sababu ya mashairi aliyomtungia rafiki yake Hermias, aliyeuawa na Waajemi. Akikumbuka jinsi mji ule ulivyomwua mwanafalsafa Socrates, inasimuliwa kwamba alisema hatawaachia Waathens watende dhambi ya pili juu ya falsafa, akaondoka kwenda Chalcis, alikokuwa na nyumba ya upande wa mama yake, akafariki mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 62. Wasia wake umehifadhiwa hadi leo. Ameagiza mifupa ya mkewe Pythias izikwe pamoja naye, kama mke yule alivyotaka. Amemwachia riziki njema Herpyllis, mwanamke aliyeishi naye baadaye. Amewaacha huru baadhi ya watumwa wake, na akaagiza kwamba katika vijana waliomtumikia asiuzwe hata mmoja, ila wakifikia umri waachwe huru kama wanavyostahili. Mbele ya mauti, akiwafikiria watu hawa kwa majina yao na nyuso zao, hakuwaandika kama kitabu chake kilivyowaandika. Wasia haufuti kitabu, na kitabu kilienda mbali kuliko wasia. Lakini wasia huo watuonyesha kwamba alipowatazama watu wenyewe, ile hoja haikuweza kusimama mbele yake.

Baada yake vitabu vyake vilisafiri. Katika Baghdad ya makhalifa wa Bani Abbas, enzi za al-Ma'mun na waliomfuata, watarjumani kama Hunayn ibn Ishaq na mwanawe walivihamishia katika Kiarabu. Al-Farabi akaheshimiwa kwa lakabu ya Mwalimu wa Pili, wa kwanza akiwa ni Aristotle. Ibn Sina amesimulia kwamba alikisoma kitabu cha Aristotle cha metafizikia mara 40 kabla ya kukifahamu. Na Ibn Rushd wa Córdoba alivifafanua kwa umahiri uliowafundisha Waislamu, Wayahudi na Wakristo pia. Vitabu vya wanyama vilitoka katika Kiarabu vikaingia katika Kilatini kwa kalamu ya Michael Scot, mwanzoni mwa karne ya 13. Heshima hii ilikuwa haki yake, lakini ilileta hatari, kwa kuwa vyuo vingi vilitosheka kuyahifadhi maneno yake, na mwanafunzi aliyetaka kujua idadi ya meno akafungua kitabu badala ya kinywa. Aliyemheshimu kwa namna iliyo sawa ni mtu kama al-Jahiz wa Basra, wa karne ya 9, ambaye katika kitabu chake cha wanyama alimnukuu mara nyingi, kisha akabishana naye kila alipoona habari zake hazina ushahidi. Na mtu kama Müller, aliyempasua papa. Na mtu kama Charles Darwin, ambaye mwezi wa Februari 1882, miezi miwili kabla ya kufa kwake, aliposoma tafsiri ya kitabu cha viungo vya wanyama aliandika barua akikiri kwamba wataalamu aliowatukuza maisha yake yote walikuwa watoto wa shule mbele ya mzee yule.

Basi, wasikilizaji wangu, nini tuchukue katika maisha haya? Ningewaomba walimu wasiwakemee watoto wanaouliza juu ya wadudu, mayai na samaki, maana kwa maswali kama hayo mwalimu wa walimu alianza kazi yake. Ningewaomba vijana wenye elimu wakae na wazee wavuvi, wakulima na wafugaji, wawasikilize kwa adabu, wayapime maneno yao kwa insafu, na wayaandike. Zaidi ya yote ningetuomba sote tuishike ile kanuni ya nyuki katika mambo yanayowahusu binadamu, kwa kuwa ni rahisi kuishika mbele ya mdudu, ambaye kumhukumu vibaya hakutupi faida, na ni vigumu kuishika mbele ya mtu ambaye udhalili wake unatunufaisha. Kila mara tutakaposikia kwamba kabila fulani ni wavivu kwa asili, au kwamba akili ya mwanamke ina mpaka wake, au kwamba maskini ameridhika na hali yake, tuulize ni nani aliyewatazama watu hao, ni nani aliyewauliza na kuwasikiliza, na ni nani anayepata faida kwa kauli hiyo. Aristotle alitufundisha kuuliza hivyo, na pale yeye mwenyewe alipoacha kuuliza, wajibu wa kuuliza umekuwa wetu.